Sanduku la Afande Lililogoma Kwisha

Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijabandika hata chapati ya kwanza, mtu wa mapema kuliko wote kantini kwangu alikuwa Afande, na hakuja kwa ajili ya chai. Aliweka chupa yake nyekundu ya chai juu ya meza akataka nimjazie maji yanayotokota, ayafunge, ayatumie baadaye. Mwanzoni nilidhani ana maradhi ya tumbo, nikawa namwonea huruma na kumpa tangawizi ya bure. Kumbe maji yalikuwa ya kuogeshea bunduki.

Kantini yangu iko kwenye uwanja wa klabu ya shabaha, ndani ya machimbo ya zamani ya kokoto, mbele ya Boko. Wanachama ni watu wenye leseni zao: wastaafu, wafanyabiashara, na daktari mmoja wa meno anayelenga kama mtu anayetafuta jino bovu. Bendera nyekundu inapandishwa, wanalala kifudifudi kwenye majamvi, wanapiga mbao zilizosimamishwa mbele ya ukuta wa mchanga, halafu wanakuja kwangu kula na kudanganyana. Afande alikuwa pia jirani yangu kule Mbweni. Alistaafu ukufunzi wa mgambo, ndipo lilipotoka hilo jina, na mtaani hakuna aliyemwita vingine. Hata imamu alimwita Afande.

Wenzake walikuwa na bunduki mpya zenye darubini. Yake ilikuwa na kitako cha mbao, ya aina waliyobeba askari kwenye vita vya babu zetu, nzito, inarusha bega kama punda mwenye hasira. Risasi zake nazo zilikuwa za jeshi. Zilitengenezwa nyingi kupita vita vyenyewe, vita vikaisha zikabaki, zikalala maghalani miaka na miaka, mwisho zikauzwa kwa watu wenye leseni kama yeye. Alikuwa nazo sanduku zima, zimefungwa vifurushi kwa karatasi ya kahawia yenye nta na uzi, na alikuwa akifungua kifurushi kimoja taratibu mno, kama mtu anayefungua halua mbele ya watoto wa jirani.

Sasa hayo maji. Risasi za namna ile zikilipuka zinaacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi ikikutana na hewa yetu ya pwani, bunduki inaota kutu kabla wiki haijaisha. Mafuta hayaitoi. Inatolewa na maji ya moto, unayamimina kwa juu yanatokea chini meusi, halafu unapitisha kitambaa, halafu mafuta. Afande alifanya kazi hiyo kwa adabu ya mtu anayemwogesha mtoto mchanga, na alikuwa akizungumza nayo. Nilimsikia kwa masikio yangu akiiambia, "Tulia, yanaunguza kidogo tu."

Siku moja alichukua chupa isiyo yake. Kulikuwa na wageni, mie nina haraka, chupa mbili nyekundu ziko sambamba, na Afande hakuwa mtu wa kuuliza. Akamimina mtutu mzima wa chai ya maziwa, yenye sukari na tangawizi. Aligundua pale kilichotoka chini kilipokuwa na rangi nzuri kuliko kawaida. Alisafisha, akasafisha tena, akaapa imetakata. Jumamosi iliyofuata alipoilaza kwenye jamvi, sisimizi wakaanza kutoka mdomoni mwa bunduki kwa mstari ulionyooka, kimya kimya, kama wanaotoka msikitini. Klabu nzima ilikusanyika. Daktari wa meno akamwambia apige tu, wataungua. Afande alimtazama kwa chuki.

"Wamekukosea nini?" akauliza.

Akaiegemeza juani mpaka wa mwisho alipotoka. Siku hiyo hakupiga hata risasi moja.

Ndivyo alivyokuwa. Mwenye silaha kubwa kuliko wote uwanjani, na hakuwahi kuua hata njiwa. Kuku akitakiwa kuchinjwa nyumbani kwake, Mama Zuhura, mkewe, alikuwa akimtuma mtu akamwite mwenye genge aje kuchinja, huku Afande amejifungia chumbani na redio imepandishwa sauti. Alituhubiria kuhusu kubana matumizi, naye alikuwa na kofia za kila rangi. Alimfokea mtu aliyechelewa, naye akishaanza kusimulia habari ya kambi za mgambo, adhuhuri inaweza kuingia na kutoka. Na shabaha yenyewe, Mungu anisamehe, haikuwa shabaha. Mara nyingi alitoboa ubao wa mtu wa pembeni. Mwenye ubao akija kulalamika kwamba ana matundu mengi kuliko risasi alizopiga, Afande alimpongeza. Yeye mwenyewe akiulizwa, alisema risasi za zamani zina mawazo yao, huwezi kuzilazimisha.

Hilo la mawazo lilikuwa na ukweli. Risasi zilizolala muda mrefu, ukifyatua, nyingine inalipuka papo hapo, nyingine haisemi kitu kabisa, na nyingine inanyamaza kwanza halafu inalipuka pale unapoanza kuitukana. Hizo za kuchelewa ndizo za kuogopwa, maana ukifungua komeo la nyuma ya mtutu haraka unaweza kupoteza jicho. Afande alikuwa na sheria yake: ikigoma, usigeuke, usiguse kitu, mtutu ubaki unatazama mchanga, soma Fatiha moja taratibu, ndipo ufungue. Wanachama Wakristo wakauliza wao wafanyeje. Akawaambia wasome Baba Yetu. Basi likazuka bishano kantini kwangu, chai ikapoa mezani, kuhusu ipi inachukua muda mrefu zaidi. Daktari wa meno akatoa simu akazipima. Mwenyekiti wa klabu, injinia wa barabara kutoka Moshi, akatangaza kwa furaha kwamba Baba Yetu ni ndefu kidogo, kwa hiyo ni salama zaidi. Afande akasema hiyo inategemea na msomaji, kwa sababu Mwenyekiti akisali anakwenda mbio kama anayekimbiza basi.

Na ni Mwenyekiti huyo huyo aliyetuonyesha kwamba sheria ile haikuwa masihara. Aliomba kuijaribu bunduki ya Afande, akalala, akafyatua, ikasema "ka" basi. Akaanza kuinuka akigeuka kwetu na bunduki mkononi.

"Afande, hiki chuma chako kimeshak..."

Hakumaliza. Afande alimrukia mzima mzima, akaukandamiza mtutu chini kwa mikono miwili, na risasi ikaondoka ikazama mchangani karibu na kiatu cha Mwenyekiti. Mchanga ulimjaa mpaka kwenye meno. Halafu tukamsikia Mwenyekiti, bado amelala, akisoma Baba Yetu neno kwa neno, taratibu, mpaka amina. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza ipi ni ndefu.

Nimesimulia vichekesho kwa sababu ndivyo vinavyonijia kwanza nikimkumbuka. Lakini kulikuwa na jambo lililomkaa kooni, na sote tulilijua, kwa kuwa Mama Zuhura hakuwa mtu wa kuficha.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Zuhura, nesi, anayekaa Kawe na mumewe. Zuhura alikulia na bunduki ile ndani ya nyumba na hakuwahi kuisema vibaya. Kisha akajifungua binti, na muda si mrefu wodini kwao akaletwa mtoto aliyechezea silaha ya babake. Hakusimulia zaidi ya hapo. Alikwenda Mbweni, akakaa sebuleni, akamwambia baba yake kwa heshima zote kwamba mwanawe hatakanyaga nyumba hiyo maadamu kuna bunduki ndani yake. Afande akamwonyesha kasiki la chuma, funguo shingoni mwake, komeo la bunduki limetolewa na kuwekwa mbali. Zuhura akasema, "Baba, nakuamini wewe. Siiamini hiyo." Akabeba mtoto akaondoka. Kuiacha klabuni haikuwezekana, maana klabu haikuwa na ghala la kulaza bunduki za watu. Kila mwenye leseni alirudi na yake nyumbani.

Afande akatoa ahadi mbele ya mkewe. Risasi za bunduki ile haziji tena nchini. Akimaliza zilizo kwenye sanduku, ataipeleka bunduki polisi aisalimishe, na mjukuu ataingia. Mama Zuhura akaridhika. Alidhani ni suala la Jumamosi kadhaa.

Ndipo bwana yule alipogeuka bahili. Mtu aliyekuwa akipiga kifurushi kizima kwa asubuhi akaanza kupiga risasi moja, kisha akae anywe chai aizungumzie. Na zile zilizogoma hakuzitupa. Alizihifadhi kwenye kopo la siagi, akasema hazijaisha, zimelala, atazijaribu zikiamka. Mama Zuhura akaanza kuja uwanjani. Alikaa nyuma kwenye kiti changu cha plastiki, mtandio umefungwa juu ya vizuia sauti vya masikioni vya klabu, na alikuwa mwanamke pekee niliyewahi kumwona akimhimiza mumewe apige risasi.

"Piga, Baba Zuhura! Wanangoja nini hao mbele yako?"

"Upepo, mama. Nangoja upepo utulie."

"Upepo gani humu shimoni? Piga!"

Wanaume wazima walijificha nyuma ya vikombe vya chai wasionekane wakicheka. Ugomvi wa zile zilizogoma ulifika mpaka kwenye kamati. Mama Zuhura alidai risasi iliyogoma imekwisha. Afande alidai bado ina baruti, kwa hiyo ipo. Kamati ikakaa, ikala chapati zangu, ikaamua kwamba iliyogoma mara ya pili ihesabiwe imekwisha na iachwe kwa msimamizi wa uwanja. Afande akatii, huku akisema hajawahi kuona kamati inayomwonea mtu kwa sababu ya mkewe.

Hata hivyo sanduku halikupungua. Lilikuwa likielekea kwisha, halafu linajaa. Mama Zuhura, ambaye hakujua tofauti ya risasi na betri, alijua tofauti ya vifungashio, maana ni mwanamke wa kununua vitu. Akaona vifurushi vya karatasi ya kahawia vimekaliwa na vijiboksi vya kijani. Kumbe mwanachama mmoja mwenye bunduki kama ile alifariki, familia ikarudisha risasi zake, na Afande akaomba kibali akachukua zote, kimya, kihalali, bila kuniambia hata mimi ninayemjazia maji.

Alikuja nalo, Mama Zuhura. Alilibeba sanduku mwenyewe kutoka kwenye bajaji mpaka kantini, akalitua mezani kati ya vikombe.

"Baba Zuhura, hili sanduku lako linazaa?"

Hakuna aliyecheka. Afande alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Mama, niache nikuambie. Mie nikishaipeleka hiyo, Jumamosi n'takuwa nani? Hawa wote wataniita Afande wa nini? N'takaa barazani nahesabu magari?"

"Utakuwa babu," akasema Mama Zuhura. "Kazi ipo, inakungoja Kawe, imeshaota meno."

Akaondoka na bajaji ile ile. Hakurudi uwanjani tena, na nilichukia. Nilimpenda Afande lakini siku ile nilimpa chai bila sukari makusudi, naye akainywa yote.

Yeye kumwona mjukuu alikuwa anamwona. Kila Ijumaa baada ya swala alikwenda Kawe na mfuko wa machungwa, akakaa sebuleni kwa mkwewe saa moja hivi, akarudi. Ndiyo hoja yake aliyojitetea nayo miaka yote: kwani mtoto simwoni? Mpaka Ijumaa moja. Alinisimulia kesho yake alfajiri, nimesimama na unga mikononi. Alikuwa amebisha hodi, mtoto akafungua, akamtazama, akageuka kupiga kelele ndani: "Mama, yule mgeni wa machungwa kaja!"

Afande alinisimulia akicheka. Akairudia sauti ya mtoto vizuri kabisa, na kidole akakinyoosha kama alivyokinyoosha yeye. Kisha kicheko kikamwisha.

"Mgeni," akasema. "Damu yangu ile."

Halafu akasema nijaze chupa zote nilizo nazo, leo maji yatatumika.

Sitaisahau ile Jumamosi. Alikwenda kwake akarudi na sanduku zima kwa bajaji, akalala kwenye jamvi la mwisho kushoto, akaanza. Hakungoja upepo. Alipiga, akafungua, akapiga. Iliyogoma aliisomea Fatiha yake, akaitoa, akaiweka pembeni, akaendelea, na alipomaliza vifurushi akarudi kwa zile zilizogoma akazipa nafasi yao ya pili. Maganda ya shaba yalirundikana ubavuni mwake. Wenzake waliacha bunduki zao wakakaa kumtazama. Mbao zote zilikuwa na matundu, za kwake na za watu, na hakuna aliyelalamika. Pamba alizozibia masikio zilidondoka mapema, Mwenyekiti akamwita avae vizuia sauti, hakusikia au hakutaka. Nilijua anaogopa kwamba akisimama hataanza tena.

Mtutu ulipata moto mpaka ukawa unatoa moshi. Risasi ya mwisho ilikuwa ya kopo la siagi, ilishagoma mara moja. Ikagoma. Afande akaisomea, akaitoa, akaiangalia kiganjani. Mwenyekiti akasogea, akasema kwa upole, "Afande, hii tunaweza kukujaribia tena Jumamosi ijayo." Ilikuwa ni zawadi, na kila mtu alielewa hivyo. Afande akatikisa kichwa, akaiweka kwenye mkono wa msimamizi.

Akaiogesha. Chupa zangu zote zilikwisha. Akaipangusa, akaipaka mafuta kama inakwenda kwa mashindano, akaifunga kwenye shuka jipya.

Aliniomba nimsindikize kituoni. Mama Zuhura alipopigiwa simu alisema ameshadanganywa vya kutosha, ataamini akiona kasiki tupu. Kwa hiyo nilifunga kantini, tukaenda mimi na yeye. Pale mapokezi nilimwamkia askari mzee aliyekuwa zamu, lakini Afande hakusikia salamu wala jibu. Masikio yake yalikuwa yamejaa kengele. Kila alichoulizwa nilimrudishia kwa kupaza sauti mdomo ukiwa shavuni kwake, jina la mtaa, aina ya silaha, sababu ya kuisalimisha.

"Anauliza sababu!" nikapiga kelele.

"MWAMBIE NINA MJUKUU!" akajibu, na mahabusu waliokuwa kwenye benchi wakainua vichwa.

Askari akaandika. Akalifunua shuka, akaitazama bunduki ile iliyokuwa inang'aa, akaifunika tena taratibu. Afande alisimama akapiga saluti. Sijui alimpigia askari au aliipigia bunduki, sikuuliza.

Tulitoka tukasimama barabarani chini ya jua, yeye mikono mitupu, hajui pa kuiweka. Akatoa simu, akampigia binti yake. Barabara nzima ilisikia, wauza vocha, madereva wa bajaji, mama mmoja wa maandazi.

"ZUHURA! NIMEIPELEKA! IMEKWISHA! HAIPO TENA! UNANISIKIA? MIE SIKUSIKII!"

Akabana simu sikioni, akaihamishia sikio la pili, uso umejikunja. Akanikabidhi.

"Mama, nisikilizie. Ananiambia nini?"

Nikaiweka sikioni. Upande wa pili Zuhura alikuwa analia, na nyuma yake mtoto alikuwa anauliza nani huyo, nani huyo. Nikamwambia dada, mie jirani, baba yako hasikii kwa sasa, niambie nimfikishie. Ikamchukua muda kupata sauti. Kisha akaniambia.

"Anasemaje?" Afande ameshanishika mkono.

"Anasema wanakuja leo!" nikamwambia. "Wanakuja kulala!"

"Eh?"

"WANAKUJA LEO! WANALALA KWAKO!"

Madereva wa bajaji walikuwa wanatutazama. Mama wa maandazi alikuwa ameacha kugeuza. Afande aliniangalia mdomoni, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, akainamisha kichwa akanisogezea sikio.

"Sikusikia, mama," akasema. "Sema tena."

Alikuwa amesikia. Niliona wazi kwamba amesikia. Nikavuta pumzi, nikamwambia tena.